Nilivyomficha Mama Mkubwa Majira ya Baridi

Kwaru, kwaru, kwaruuu. Kitu kikavu kilikuwa kinaburutwa juu ya saruji, kikanyamaza, kisha kikaanza tena upande wa pili wa ua. Ilikuwa alfajiri na taa tulikuwa hatujawasha. Nilimsikia mama mkubwa, aliyekuwa juu ya mswala wake, akiacha tasbihi katikati.

"Nani anaburuta makuti saa hizi?" aliuliza.

Makuti, ghorofa ya tatu, Berea, Johannesburg. Nilivuta shuka mpaka kidevuni nikajifanya bado nina usingizi, kwa sababu mimi nilijua ni nini. Yalikuwa majani ya kwanza kukauka, yakisukumwa na ule upepo mdogo unaotangulia jua. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeyangoja kama mtu anavyomngoja mgeni asiyemtaka.

"Ni mlinzi," nikasema. "Anafagia."

Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Mama mkubwa ni dada yake mama, na ndiye aliyenilea Tanga tangu nilipokuwa na miaka minne. Alikuja kunitembelea baada ya Idi, na sanduku moja la nguo na kapu lenye ukwaju, dagaa, na pilipili za kutosha mtaa mzima. Nilikuwa sijamwona kwa miaka mitatu. Pale pale uwanja wa ndege, kabla hata sijampokea kapu, alitoa sharti lake. Pasi yake ilikuwa imegongwa siku tisini, lakini yeye hakuzitaka zote. Mwaka uliotangulia alikuwa amelazwa siku tisa kwa nimonia, na daktari wa Tanga alimwambia kifua chake sasa ni cha kutunzwa kama yai.

"Nitakaa mpaka baridi ianze," alisema. "Siku itakayoanza unanirudisha hapa hapa, na tusibishane."

"Sawa, mama mkubwa."

"Si sawa ya mdomoni."

"Ni sawa kabisa."

Wakati ule ilikuwa Aprili, jua kali, na niliona baridi iko mbali. Lakini wiki ya kwanza haijaisha, chumba changu kikawa chumba kingine. Nilikuwa nikiandika mezani, na nyuma yangu alikuwapo mtu anayechambua mchele na kusema na mchele. Nikitoka dukani nilikuta viatu viwili mlangoni. Nikikohoa, kuna aliyeuliza. Mtu akizoea kuishi peke yake hasikii ukimya, na siku ukivunjwa ndipo anajua ulikuwa mkubwa kiasi gani. Sikutaka urudi. Nikaamua kwamba kama mama mkubwa ataondoka baridi ikianza, basi mimi nitahakikisha hajui kwamba imeanza.

Nilijitetea mwenyewe moyoni. Jani si baridi, nilijiambia. Baridi ni baridi, na siku ikija kweli nitasema.

Ilinisaidia kwamba mama mkubwa alikuwa anausoma mwaka kwa macho ya pwani. Kwetu mwezi wa nne ni masika, mvua inakesha juu ya bati na chura wanatoa taarifa. Huku ni kinyume. Radi za alasiri, zilizokuwa zikinguruma kila siku tangu Novemba, zilikoma ghafla, na mbingu ikabaki bluu tupu, safi kama sahani iliyooshwa. Ndugu zake walimpigia simu kutoka Tanga wakimsimulia maji yalivyoingia uani. Yeye alisimama kwenye baraza yetu ndogo ya ghorofani, mkono juu ya macho, akitafuta wingu.

"Huku masika hayaji?"

"Yamechelewa," nikasema.

Kila asubuhi baada ya swala, akirudi kujilaza kidogo, mimi nilitoka taratibu na ufagio. Nilianza na baraza, kisha nikashuka uani na kufagia chini ya mti. Mlinzi wetu, mzee wa Kizulu, aliniangalia siku tatu, na siku ya nne akanikabidhi reki yake na kukaa kunywa chai. Ulikuwa mti mmoja tu, mkubwa, umesimama katikati ya ua tangu kabla ya jengo lenyewe kuzeeka. Majani yake yalikuwa mapana kama kiganja cha mwanamume, na magome yake yalibanduka vipande vipande kama rangi ya ukuta wa zamani. Niliyakusanya majani kwenye mifuko myeusi. Nikimaliza, ua ulikuwa safi, na mti ukawa unadondosha mengine juu ya kichwa changu.

Na dalili hazikuwa majani peke yake. Mbayuwayu waliokuwa wakipanga foleni juu ya nyaya waliondoka wote siku moja, bila kuaga. Jua lilianza kuingia ndani zaidi ya chumba: mwezi wa tatu lilikuwa linaishia miguuni mwa meza, sasa lilipanda kitandani na kulala pale hadi saa nane. Mama mkubwa alilipenda jua hilo. Alilisogelea na kulinyooshea magoti, akalisifu kwa adabu yake. Hewa ilikauka mpaka kanga yake ikawa inatoa cheche akiivua, naye akasema "Bismillahi!" na kuitupa kitandani kama nyoka.

"Umeme wa jengo," nikamwambia. "Nyaya zimezeeka."

Mezani kwa wachuuzi wa mtaani yalikuja machenza, marundo kwa marundo, na huko nyuma ya machenza yakaja makofia ya sufu. Kwa machenza sikuwa na neno. Penye makofia nilimpitisha mama mkubwa upande wa pili wa barabara.

Lakini Fordsburg ilinishinda. Tulikwenda kununua viungo, na nilikuwa nimesahau kwamba maduka yale yanajua majira kuliko miti. Kila mlango ulikuwa umening'inizwa majaketi, na mablanketi mazito yenye picha za simba na chui yalipangwa njiani kama zulia la harusi. Mwenye duka mmoja, Mhindi mwenye ndevu nyeupe, alimwona mama mkubwa na kanga yake nyepesi, akamhurumia. Akamwambia kwa Kiingereza kwamba baridi inakuja, na mwaka huu ni kali, achukue blanketi mapema.

"Anasemaje?" mama mkubwa akaniuliza.

"Anasema karibu tena."

"Mbona amesema maneno mengi?"

"Wafanyabiashara, mama mkubwa."

Alimtazama yule mzee, akatazama chui wa kwenye blanketi, akanitazama mimi.

Kosa langu kubwa lilikuja siku mbili baadaye. Asubuhi ile nilichelewa kuamka, na yeye akatoka barazani kabla yangu. Nilimkuta ameshika kingo, anautazama mti. Nusu yake ilikuwa imekwisha kuwa ya manjano na kahawia. Majani yalikuwa yakishuka moja moja, yakizunguka bila haraka, na chini kulikuwa na zulia zima.

"Huu mti una nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Jua lilikuwa limetoka, chai ilikuwa jikoni, na uso wake ulikuwa mtulivu.

"Unaumwa," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Niliyaona hayo magome," akasema.

Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini mama mkubwa ni mtu wa mashamba na michungwa, na kwao mgonjwa hasemwi tu, anatibiwa. Siku ya kwanza aliuletea mti majivu kutoka kwa muuza mahindi ya kuchoma pale kona. Siku ya pili aliumwagia maji aliyooshea samaki, na paka wote wa Berea wakaja kuhudhuria. Mti ukazidi kupukutika. Siku ya tatu, Ijumaa, niliamka nikakuta kitanda chake kitupu na kisu kikubwa cha jikoni hakipo mahali pake.

Nilikimbilia barazani.

Inabidi nieleze. Nyumbani kwetu, mti ukigoma kuzaa au ukijiachia bila sababu, huendewa na watu wawili asubuhi ya Ijumaa. Mmoja ana panga, anautukana na kuutishia kuukata. Wa pili anamshika mkono, anauombea msamaha, na kuahidi kwa niaba ya mti kwamba utajirekebisha. Nimeona mlimau uliofanyiwa hivyo ukazaa mpaka matawi yakainama. Sasa mama mkubwa alikuwa chini ya ule mti wa ua, kanga imefungwa kiunoni, kisu mkononi. Na wa pili alikuwa amempata: jirani yetu wa mlango wa pili, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, msusi wa nywele, aliyekuwa ameshuka kuanika taulo zake.

"Wewe simama hapa," mama mkubwa alikuwa akimwelekeza. "Mimi nitausogelea kwa hasira. Nikinyanyua mkono, unaudaka. Unasema: msamehe, mimi namdhamini."

"Ninamudhamini nani, Maman?"

"Mti."

"Muti imefanya nini?"

"Unakufa kwa makusudi."

Kisha, kabla jirani hajajibu, mama mkubwa aliugeukia mti na kuanza. Sitayaandika yote. Aliuita mvivu, aliuita mti usio na shukrani, akauambia kwamba huko Tanga kuna miti isiyo na magome mazuri kama haya lakini inajua wajibu wake. Alinyanyua kisu. Mlinzi alitoka kwenye kibanda chake, kikombe mkononi. "Hawu, Gogo!" alisema, akimwita bibi kwa Kizulu, na chai ikamwagika.

Jirani alimdaka mkono kama alivyoambiwa, lakini alikuwa anacheka mpaka anainama.

"Maman, Maman, ngoja! Uache muti ya watu! Haiko mugonjwa. Kila mwaka inafanyaka hivi. Ni baridi iko inakuya!"

"Baridi?"

"Eh! Baridi. Mwezi ya sita hapa utaona moto, moto ya baridi! Miti yote inabakia mifupa. Kisha mwezi ya tisa inarudisha majani, mapya. Mutoto yako hakukuambia?"

Jani moja lilimshukia mama mkubwa begani. Akalichukua, akaligeuza, akainua uso wake polepole mpaka ghorofa ya tatu.

"We mtoto!"

"Abee."

"Shuka."

Nilishuka ngazi zile nikiwa na miaka minane. Uani nilimkuta amekwisha kukifunika kisu na upande wa kanga. Mkono wake mwingine ulikuwa juu ya gome la mti, ukilipapasa.

"Niwie radhi," aliuambia mti kwanza. "Sikujua. Nimedanganywa na mtu niliyemlea." Kisha akanigeukia. "Yale makuti?"

"Yalikuwa majani."

"Na yule Mhindi wa mablanketi?"

"Alisema baridi inakuja, ununue mapema."

"Nilijua tu! Karibu tena haiwezi kuwa ndefu vile." Akamtazama jirani. "Umemsikia? Amenifanya nimtukane kiumbe wa Mungu asubuhi ya Ijumaa."

"Nyinyi Watanzania," alisema jirani akijifuta machozi. "Kiswahili yenu tamu kama ya redio, kumbe uongo tupu."

Mlinzi naye alicheka, bila kuelewa hata neno. Nikamwambia mama mkubwa ukweli uliobaki: kwamba niliogopa angeondoka, na kwamba nilikuwa nimechoka kusikia sauti yangu peke yangu. Nilisema mbele ya watu na sikuona haya. Nilimaliza nikingoja aseme nifungashe sanduku lake.

"Basi siendi," alisema.

"Eti?"

"Mtu hatukani mti wa watu halafu akakimbia. Nitakaa siku zangu tisini. Lakini leo leo unanipeleka kwa yule mzee nikanunue chui wangu."

Wiki mbili zilizofuata ndizo ninazozikumbuka nikitaka kukumbuka raha. Hatukuwa na cha kuficha tena. Mama mkubwa alijitwika majira ya baridi kama kazi aliyopewa rasmi. Alinikataza kufagia. Alfajiri alikaa kwenye chui wake, akisikiliza majani yanavyoburutika uani, akiniambia leo upepo umetoka upande huu, leo umetoka ule. Alinifundisha kwamba jani linalokauka juu ya mti linalia tofauti na lililokaukia chini. Sikuwahi kulijua hilo, pamoja na miaka yangu mitatu.

Jioni, jua likielekea kuzama, tulitembea taratibu hadi bustani ya Joubert Park, tukakaa juu ya benchi na mfuko wa machenza katikati yetu. Nyasi zilikuwa zimegeuka rangi ya simba. Mbali, kusini, kulikuwa na ukanda wa moshi ambapo watu huchoma majani ya porini, na harufu yake ilifika mpaka mjini, tamu na kavu. Ndege aina ya kwarara walipita juu yetu wakipiga kelele kama milango isiyotiwa mafuta. Mama mkubwa alitia maji ya chenza kwenye midomo yake iliyopasuka, akarekodi sauti za kuwatumia ndugu zake.

"Huku," aliwaambia, "baridi ikija mtu anavaa, mti unavua. Sijui nani ana akili." Akasubiri, akaongeza: "Michungwa yetu sisi inafanya kazi mwaka mzima, masikini. Huku mti wapewa likizo."

Nilimtazama akizungumza na simu kwa mkono ulionyooka, kama anamlisha mtu, na nikaona nimeshinda. Nilikuwa na mti wangu wa manjano, na mama mkubwa wangu, na siku arobaini na kitu zilizobaki.

Kisha maji yakakatika.

Maji hukatika Berea mara kwa mara, tunajua. Nilikuwa nimejaza ndoo tangu jana yake. Mama mkubwa alikuwa na desturi ya kuingia bafuni asubuhi na kufungua bomba kwa muda mrefu, na mimi nilidhani anatawadha kwa utulivu wa wazee. Asubuhi ile aliingia na kata ya maji. Bomba halikulia. Na kwa kuwa halikulia, nilikisikia kilichokuwa chini yake siku zote.

Alikuwa anakohoa. Kikohozi kirefu, kikavu, kilichozibwa na kitambaa, kinanyamaza kuvuta pumzi na kuanza tena. Nilisimama jikoni na mwiko mkononi. Uji ukachemka ukamwagika.

Alipotoka aliniona uso.

"Vumbi," alisema.

"Tangu lini, mama mkubwa?"

"Vumbi la majani hili. Ni kavu mno."

"Tangu lini?"

Akakaa kitandani, juani, akajikunja ndani ya chui. "Kama siku kumi," alisema. "Baridi ya kwenu ina adabu. Haikupigi kofi, inaingia polepole na kukusalimia."

Nilijua hapo hapo la kufanya, na sikulitaka. Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kununua hita ya pili, asali, tangawizi, na kujiambia kikohozi si nimonia kama nilivyojiambia jani si baridi. Yeye mwenyewe angenisaidia kusema hivyo. Nilichukua simu.

"Unampigia nani?"

"Watu wa ndege. Nabadilisha tiketi."

"Sijakutuma."

"Ulisema baridi ikianza tusibishane."

"Neno ni langu, naweza kulifuta!"

"Na kifua ni cha nani?"

Alasiri ile nilimpeleka kwa daktari mwanamke karibu na bustani, ambaye alimsikiliza mgongo kwa muda mrefu. Kifua bado ni safi, alisema, lakini mwezi wa sita usimkute hapa. Safari hii nilitafsiri kila neno, hata yale yasiyo na maana. Mama mkubwa alinuna siku nzima. Kesho yake alitoa sanduku chini ya kitanda akaanza kukunja nguo, akiimba chinichini, na nikajua amekubali.

"Chui anakwenda," alisema.

"Tanga? Blanketi lile? Utachemka."

"Nitalitandika wageni walione."

Jirani yetu ilibidi akalie sanduku ili lifunge. Alikalia, akaruka ruka, akasema chui wa Afrika Kusini hataki kwenda kula ugali wa Tanzania. Tulicheka sote watatu, na mama mkubwa akakohoa katikati ya kicheko, waziwazi, bila kuziba.

Siku ya safari, mtu wa kwetu mwenye gari, anayekaa mtaa wa Joubert Park, alikuja saa nne asubuhi. Alikuwa amewabeba pia wanawake wawili wafanyabiashara na mizigo yao hadi darini, na hakukuwa na nafasi yangu hata ya kusimamia mguu. Alipiga honi chini. Jirani akachukua sanduku akatangulia nalo ngazini.

Kila mara nilipoondoka Tanga, mama mkubwa alisimama mlangoni akanyanyua msahafu, nami nikapita chini yake. Sasa msafiri alikuwa yeye. Na yeye ni mrefu, mimi ni mfupi. Nikavuta stuli, nikapanda, nikaunyanyua msahafu katika kitambaa chake cheupe mpaka karibu na kizingiti. Aliinama kidogo akapita, akarudi, akapita tena. Mara ya tatu alisimama, akaubusu, na pale juu nilikiona kipara kidogo katikati ya kichwa chake ambacho sijawahi kukiona.

"Uandike," alisema. "Na ule."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Usishuke sasa hivi, utakiangusha kitabu cha Mungu. Kaa hivyo hivyo."

Akatoka. Upepo wa ukumbini ukaingia, mwembamba, baridi kweli kweli, ukanipiga vifundoni. Aliuona ulivyoniparaza. Mikono yangu yote miwili ilikuwa juu, kwa hiyo aliushika mlango yeye mwenyewe, akauvuta taratibu kutoka nje mpaka kitasa kikalia.